Sketi ya Bernadine

Siku Norbert Gorny alipotoboa ukuta wa sebule yake, mtaa mzima ulijua kwamba upweke umempanda kichwani. Mtu mzima, mstaafu wa kiwanda cha vioo, mgane wa mwaka wa pili, amesimama na nyundo katikati ya vumbi la plasta, huku makochi, kabati la vyombo na meza ya kulia ya watu sita vikiwa nje kwenye nyasi, vimefunikwa turubai kama maiti wa ajali. Watu walipunguza mwendo wa magari, wakatazama, wakaendelea na safari zao. Hapa Toledo hatumwulizi mtu jambo lake mpaka alianze mwenyewe.

Alikuwa anatoboa pa kupitishia tangi. Na si tangi la samaki wawili watatu la kuwekwa juu ya meza ili wageni wapate la kusema. Hili lilikuwa refu kuliko gari lake, kina chake kilimfika kifuani, na kioo chake kilikuwa na unene wa vidole viwili. Kwa chini, kwenye chumba cha kuhifadhia makorokoro, alikuwa ameshasimamisha nguzo za chuma za kushikilia sakafu. Maji ya chumvi ni mazito, na nyumba ile ya mbao ilijengwa na babu wa marehemu mkewe kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya bahari.

Binti yake wa pekee, Paulette, aliyehamia Phoenix kufuata kazi na jua, alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa.

"Baba, umebomoa ukuta?"

"Nani kakwambia?"

"Jirani yako kanitumia picha. Baba, chumba chako huku kipo, kina kiyoyozi, kina bafu lake. Mimi nakwambia uuze nyumba, wewe unaibomoa."

"Siibomoi. Naipanua."

"Kwa ajili ya nani?"

Norbert alimwuliza hali ya hewa ya Phoenix. Paulette akamjibu kwamba ni joto. Phoenix ni joto siku zote, na wote wawili walilijua hilo, lakini mazungumzo yao mengi ya siku hizi yaliishia kwenye joto la Phoenix.

Jibu alikuwa nalo, ila aliona haya kulitamka kwenye simu. Tangi lile lilikuwa la Bernadine, mkewe, ambaye alikuwa ameshazikwa.

Norbert na Bernadine walifuga samaki wa baharini na matumbawe maisha yao yote ya ndoa, katika mji ambao kuifikia bahari ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Ndivyo tulivyo watu wa huku. Ziwa liko mlangoni, tena kubwa lisiloonekana ng'ambo, lakini sisi tunataka chumvi. Tangi lao lilikuwa dogo, limebanwa kati ya friji na mlango wa nyuma, na fahari yake ilikuwa tumbawe moja la matawi, kijani mbichi, lenye ncha za zambarau. Chama cha wafugaji kililiita Sketi ya Bernadine, kwa sababu Bernadine aliwahi kuja mkutanoni na sketi ya kijani yenye upindo wa zambarau, na mcheshi mmoja akasema mama na mtoto leo wamevaa sare.

Matawi yakikua yaligusa kioo, na yakigusa kioo ni lazima yakatwe. Bernadine alichukia kuyakata. Kila aliposhika koleo lake lenye mikono myekundu alifumba jicho moja, kama mtu anayemng'oa mtoto jino. Lakini alikata, akakibandika kipande kwenye kijiwe kwa gundi, akampa mtu. Hiyo ndiyo desturi ya chama chetu, na ina adabu yake. Mtu akipewa kipande hasemi asante. Anasema, "Nakutunzia." Maana tangi la mtu yeyote linaweza kufa siku yoyote. Umeme utakatika, pampu itaziba, mgeni atapulizia dawa ya mbu. Siku hiyo unakwenda kwa yule uliyempa, unachukua kilicho chako, unaanza upya. Kwa hiyo tunagawa kwa ukarimu, ndiyo, na kwa woga pia.

"Siku moja, Norb," Bernadine alikuwa akisema huku akipangusa koleo, "nitakuwa na tangi kubwa, na hili nitaliacha likue mpaka lichoke lenyewe. Sitalikata tena."

"Tutaliweka wapi, juu ya paa?"

"Sebuleni. Nani anakaa sebuleni?"

Kweli hakuna aliyekaa sebuleni. Walikaa jikoni, magoti yakigusana chini ya meza ndogo, wakila supu na kulitazama tangi kama wengine wanavyotazama televisheni.

Wiki ya mwisho ya Bernadine, mvua ya barafu iliangusha nyaya za umeme na nusu ya mji ikawa giza. Norbert alikuwa hospitali, amemshika mkono. Tangi hakulikumbuka, na hata kama angelikumbuka asingeinuka pale. Aliporudi nyumbani baada ya mazishi, maji yalikuwa baridi kama ya mto wa Januari, na Sketi ya Bernadine ilikuwa mfupa mweupe. Hakumwambia mtu. Alilimwaga tangi uani, akalipeleka gereji, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye mkutano wa chama.

Halafu, baada ya miaka miwili ya kula supu ya kopo akiwa amesimama, akaamka asubuhi moja na wazo lililomsimamisha wima kitandani. Bernadine alitaka tangi kubwa. Basi atamjengea. Atachukua kipande kimoja cha Sketi kutoka kwa mwanachama yeyote, maana Bernadine alikuwa amegawia nusu ya jimbo, na atakiweka katikati ya maji yale yote na kukiacha kikue bila kuguswa na kioo wala koleo. Alitoa akiba waliyoiweka kwa ajili ya safari za uzeeni. Safari yenyewe sasa ingekuwa ya mtu mmoja, na Norbert hakuwa na hamu ya kwenda popote na yeye mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kulibeba. Tangi kama lile haliingii ndani kwa mikono ya mtu na jirani yake. Wanahitajika watu kumi na zaidi, na Norbert, alipojihesabia watu wake, alijikuta hana. Ikambidi ampigie Trudy Voss, katibu wa chama, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Trudy, ni Norb."

"Norb yupi? Norb niliyemjua mimi alikufa miaka miwili iliyopita. Hana simu, hana salamu, hana hata kadi ya Krismasi."

"Nahitaji watu wa kubeba tangi."

"Loo. Kumbe mabega yetu yamekumbukwa."

"Kutakuwa na piza. Na bia."

"Bia baridi au bia ya gereji?" Trudy alikuwa ameshalainika, alimsikia. "Sawa. Nitawakusanya. Nimwite na Clovis? Mgongo wake ni wa ng'ombe yule."

"Clovis usimwite."

"Haya," Trudy alisema.

Walikuja Jumamosi ya mwanzo wa vuli, wamevaa glovu na viatu vya kazi, na wengine wao Norbert alikuwa amesahau hata majina. Wakabandika kwenye kioo vile vishikio vya mpira vinavyonyonya, Trudy akasimama juu ya ndoo akitoa amri, na kwa mwendo wa sentimita sentimita lile dude likapita kwenye tundu la ukuta, likaingia sebuleni, likakaa juu ya meza yake ya chuma. Hakuna aliyekatika kidole. Walipiga makofi, wakafungua maboksi ya piza, wakakaa sakafuni kwa kuwa viti vyote vilikuwa nje. Walisemana, walichekana matumbo, mmoja akajilaza ndani ya tangi tupu kupima kama linamtosha kuwa jeneza. Norbert alikaa kwenye kona na kipande chake cha piza akiwasikiliza. Nyumba ilikuwa haijapata kelele tangu lini. Alihisi njaa, na haikuwa ya chakula.

"Sasa," alisema walipoanza kupangusa mikono, "nani atanipa Sketi?"

"Chukua kwa mchungaji," fundi bomba mmoja wa chama alijibu mdomo umejaa. "Yangu ilikufa kiangazi kile pampu ilipoungua. Sikuhangaika, nikajua mchungaji anayo kubwa kama kofia."

Mchungaji aliweka bia yake chini. "Mimi niliuza tangi tulipohamia nyumba ya kanisa. Sketi nilimpa Trudy."

"Ulinipa ikiwa imeshaanza kumenyuka," Trudy alisema. "Haikumaliza wiki. Nami nikajisemea si kitu, Norb ana mama yao pale jikoni."

Wote wakamgeukia Norbert.

"Mama yao alikufa," Norbert alisema. "Wiki ileile ya Bernadine."

Hakuna aliyejua. Atajuaje, na mwenye habari amejifungia ndani? Walianza kutajiana majina, yule wa kule Monroe, yule mhasibu aliyeoa tena, na kila jina likaja na mtu wa kusema, huyo naye aliacha, huyo naye yake ilikufa. Nimewaambia kwamba tunagawa ili tusipoteze. Basi hivi ndivyo tunavyopoteza. Kila mmoja aliiacha Sketi ife mikononi mwake kwa moyo mweupe, kwa sababu aliamini mwenzake anayo. Laiti mmoja tu angejiona kuwa yeye ndiye wa mwisho, angeilinda kama macho yake.

Waliondoka mapema kuliko walivyokusudia, wakimgusa bega mmoja mmoja mlangoni. Norbert alikunja maboksi ya piza, akafagia makombo, akaketi juu ya ndoo ya Trudy mbele ya kioo kitupu. Kilimwonyesha mzee aliyekaa juu ya ndoo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini tangi lilikuwa limeshaingia, ukuta ukazibwa wiki ileile, na sasa lisingetoka bila kubomoa upya. Norbert akaendelea kwa sababu hakujua kazi nyingine. Maji ya bomba hayafai kwa matumbawe, sharti yapite kwenye chujio linalodondosha tone moja moja, na lile chujio lilidondosha usiku na mchana hadi majani yote yakapukutika mitini. Alikoroga chumvi kwenye mapipa kwa kasia kuukuu la mtumbwi. Alipanga mawe, akayapangua, akayapanga tena, akimwuliza Bernadine kwa sauti kama pango liwe upande wa dirisha au wa mlango. Akawasha pampu, akawasha taa. Kisha ikaja ile sehemu ambayo kila mfugaji anaichukia, ya kungoja. Maji mapya hayana uhai. Lazima yakae wiki nyingi hivyohivyo, na mawe, mpaka vile vijidudu visivyoonekana kwa macho viote na kuyazoea.

Akangoja. Aliingiza kiti kimoja tu kutoka chini ya turubai, akakiweka mbele ya kioo, na hapo ndipo alipokunywa kahawa yake na kula supu yake. Mwanga wa buluu ulimwagika hadi barabarani, na waliotembeza mbwa walisimama kutafuta samaki, wasiwaone, wakaenda zao. Alianza kuyaaga maji anapokwenda dukani.

"Mna nini humo sasa?" Paulette aliuliza Jumapili moja.

"Maji."

"Na nini?"

"Mawe."

"Baba," Paulette alisema, sauti imeshuka, "njoo huku, tafadhali."

"Huko ni joto," Norbert alisema.

Baada ya sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, ambayo Norbert aliila kwa sandwichi, Trudy alipiga simu.

"Nimepiga kwa wote, mpaka waliohamia Michigan. Imebaki mahali pamoja."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani. Na mimi sikupigii magoti, Norb. Kama kiburi chako ni kikubwa kuliko hilo tangi lako, kaa nacho."

Clovis Tate alikuwa na duka la matairi karibu na daraja. Ndiye yule mcheshi wa sare ya mama na mtoto, na kosa lake lilikuwa moja tu. Katika chakula cha baada ya mazishi, ukumbini kanisani, Clovis alisimama akasimulia jinsi Bernadine alivyokwenda dukani kwake na pancha, akaliona tangi lake chafu la pale kaunta, akavua pete, akakunja mikono, akalisafisha mpaka duka linafungwa, kisha akaendesha kwenda nyumbani na pancha ileile. Watu walicheka hadi wakatokwa na machozi. Norbert hakuwa ameisikia hadithi ile kamwe. Ilimchoma kwamba kuna siku nzima ya mkewe, na kicheko chake, ambavyo yeye hakuwamo, na ambavyo mtu mwingine anavyo mfukoni. Alimwambia Clovis atoke. Clovis aliweka sahani yake mezani, akachukua koti, akatoka.

Ilimchukua Norbert wiki nzima kufika daraja lile. Clovis alikuwa nyuma ya kaunta, mkubwa vilevile, ndevu zimekuwa nyeupe.

"Gari lako linataka matairi ya theluji tangu mwaka juzi," Clovis alisema. "Naliona likipita. Halisimami, lakini naliona."

"Sikuja kwa matairi."

"Najua ulichofuata. Trudy ana mdomo, kaka."

Tangi lilikuwa palepale, dogo, ubavuni mwa mashine ya kahawa, chini ya taa moja dhaifu. Ndani yake, juu ya jiwe, kulikuwa na kisiki cha matawi kama kidole gumba, rangi ya tope.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona ya kahawia?"

"Mbona wewe huna nywele?" Clovis alizunguka kaunta. "Alinipa kwa mkono wake, hapo hapo uliposimama. Tatizo ni taa yangu, ni ya kimaskini. Mpe mwanga, atakurudishia rangi yake." Akatoa koleo kwenye droo. "Tukate. Nusu yako, nusu ibaki. Na hata hiyo nusu ningekuwa wewe ningengoja. Tangi jipya ni kama nyumba iliyopakwa rangi leo. Humlazi mtoto ndani."

"Hilo halikatwi."

"Nini?"

"Bernadine hakutaka likatwe tena. Alisema."

Clovis akarudisha koleo kwenye droo, akaliingiza jiwe zima kwenye mfuko wa maji, akaufunga kwa mpira.

"Asante," Norbert alisema.

Neno lile lilianguka pale kaunta, likabaki hapo. Clovis alimsukumia mfuko.

"Haya," alisema. "Endesha polepole. Matairi yako hayana meno."

Ndani ya tangi kubwa kisiki kile kilipotea kama kombo la mkate kanisani. Norbert alikiweka chini kwanza, mbali na mwanga, akakipandisha kidogo kidogo kama anavyojua kila mfugaji. Alisogeza kiti chake mpaka pua ikagusa kioo. Krismasi ikapita. Na asubuhi moja ya Januari, theluji imeziba madirisha, aliona kwenye ncha moja kitu alichodhani ni ukungu wa miwani yake. Akapangusa miwani. Kilikuwa kijani. Siku zilizofuata kijani kikashuka kwenye tawi, na pembeni yake, chembamba kama uzi wa kushonea, ukaja upindo wa zambarau.

Alimpigia Paulette, na haikuwa hata Jumapili.

"Baba? Kuna nini? Umeanguka?"

"Ni ya kijani."

"Nini ya kijani?"

"Sketi ya mama yako. Imerudi."

Norbert alimsikia Paulette akivuta kamasi huko kwenye joto lake. "Nitumie picha," alisema. Norbert akapiga picha ya tangi zima, kwa fahari, akatuma. Jibu lilikuja baadaye kidogo: *Baba, naona maji tu.*

Mwezi wa pili ukaja na pete nyeupe. Ilianzia chini, kwenye shina, nyembamba kama ya ndoa. Ngozi ya tumbawe ilikuwa inamenyuka na kuacha mfupa. Norbert aliyapima maji, akayabadilisha, akapunguza taa, akaongeza mkondo. Kila asubuhi ile nyeupe ilikuwa imepanda. Clovis alikuwa amemwambia. Tangi lilikuwa jipya mno, na mtoto alikuwa amelazwa kwenye rangi mbichi.

Dawa yake inajulikana na wote, hata waliojiunga na chama jana. Unakata juu ya pale palipomenyuka, unaokoa ncha, shina unaliacha lijifie. Norbert aliijua kuliko jina lake. Lakini kila alipofungua droo ya jikoni na kuiona ile mikono myekundu ya koleo, aliifunga tena. Alikaa kitini akaogopa, waziwazi, kama mtoto. Kama ile ikifa, hakuna nyingine popote duniani, na atakayekuwa ameiua ni yeye, kwa kulinda neno la Bernadine.

Nyeupe ilipofika kwenye matawi alikumbuka lile jicho moja lililofumbwa. Kila mara Bernadine alilalamika, kila mara alifumba jicho, na kila mara alikata. Hakuacha hata mara moja. Kuota kwamba hutakata tena, ni kama kuota kwamba hutaosha vyombo tena. Ni maneno ya mtu aliyechoka jikoni jioni, anayetaka mumewe acheke. Naye Norbert, kwa kumkosa, aliyachukua maneno yale akayafanya wosia, akambomolea ukuta.

Alilitoa jiwe, akalilaza kwenye taulo lenye maji mezani. Hakufumba jicho, kwa kuwa aliogopa kukosea. Koleo lilipokaza ulisikika mlio mdogo tu, kama wa kuvunja tambi. Akapata ncha tatu zenye uhai. Akazigandisha kila moja kwenye kijiwe chake, moja akairudisha ndani ya tangi, mbili akazitia kwenye chupa za maji, akazifunika kwa sweta lake ndani ya boksi la kuhifadhia baridi, na boksi akalifunga mkanda wa kiti cha abiria. Akawasha hita ya gari mpaka mwisho, akaendesha kwenye theluji kwa mwendo wa mazishi.

Ya kwanza alimwachia Trudy mlangoni kwake, na Trudy, kwa mara ya kwanza watu wanayoikumbuka, hakusema neno ila lile la desturi. Ya pili aliipeleka darajani.

Clovis alikuwa peke yake, redio inaimba. Aliitazama chupa kabla hajamtazama mwenye chupa.

"Umekata."

"Nimekata. Shina limekwenda. Sijui kama yangu itapona."

Norbert alingoja kusutwa. Alikuwa ameyaandaa masikio yake tangu nyumbani. Clovis aliichukua chupa kwa mikono yote miwili, akaipeleka kwenye tangi lake la kimaskini, akaiegesha ndani ili maji yazoeane joto. Ncha ile ya kijani ilionekana ngeni pale chini ya taa mbovu. Ingegeuka kahawia tena kabla ya majira kubadilika, na wote wawili walijua.

"Nakutunzia," Clovis alisema.

Norbert alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amemaliza alichokijia, na nje giza lilikuwa linaingia, na nyumbani kulikuwa na kiti kimoja. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akakiachia.

"Ile hadithi," alisema bila kugeuka. "Uliyosimulia kanisani. Ya pancha."

Nyuma yake redio iliendelea kuimba.

"Sikuisikiliza mpaka mwisho."

Redio ilizimwa. Norbert alisikia kiti kikiburutwa kutoka nyuma ya kaunta na kuwekwa karibu na tangi, kisha cha pili.

"Alikuja kunanyesha," Clovis alisema, "na tairi la nyuma limekaa chini kabisa. Nikamwambia, mama, gari hili umelibeba au limekubeba?"

Norbert alivua kofia, akarudi, akakaa.